Maneno Niliyomfundisha Waya Rozina

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo kazini nimejiona mwerevu. Naandika hilo kwanza, maana ndivyo ilivyokuwa.

Bosi wangu, Machibya, aliniita chumba cha mikutano. Kuna diwani mmoja, Venant, mwalimu mstaafu, ameandika rasimu ya sheria ndogo. Kurasa chache tu. Mtu yeyote anayelipwa kwenda kuwashawishi madiwani ajitaje: katumwa na nani, anamsemea nani. Na vikao vya namna hiyo vibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa halmashauri, kila mtu asome.

Machibya anasema ikipita tumekwisha. Si kwamba tunavunja sheria. Lakini kazi yetu yote ni kuwawahi wakubwa kabla wengine hawajajua kuna jambo. Mteja wetu — yule wa gati na vyumba vya kugandishia samaki — hataki jina lake libandikwe ubaoni kando ya tangazo la chanjo ya kuku. Tena tukipinga sisi, tutaonekana. Anatakiwa mtu mwingine apinge. Mwananchi halisi.

Feni inalia. Hakuniuliza mimi. Nikasema mwenyewe: nina shangazi mwalo wa Nyamitwe, pale mitumbwi ya uvuvi inapotia nanga, anaanika dagaa, ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Akisimama kuongea, watu wananyamaza.

Machibya akanitazama kama ndiyo kwanza ananiona. "Sharon, wewe hatukutumii vizuri hapa ofisini."

Nimeshuka ngazi nikitabasamu. Nimefika nyumbani Pasiansi, nimeoga, nimekaa kitandani. Lile tabasamu silioni tena. Nimemtoa waya yangu, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kijaluo, kama mtu anayeazimisha jembe la jirani.

Jumatano, 7 Februari

Nimeenda Nyamitwe. Waya alikuwa anageuza dagaa kwenye vichanja, kanga kiunoni, ndala zimejaa magamba. Shikamoo waya. Marahaba, Saron. Hiyo "sh" haijawahi kumtoka vizuri. Nilipokuwa mdogo Shirati, baba alipofariki akanichukua nikae naye, watoto wa jirani walinitania: Saron, Saron. Sasa nikiisikia mahali popote nageuka.

Nikamwambia kuna sheria inakuja. Mtu akitaka kumwona diwani itabidi ajieleze kwanza, na jina lake libandikwe. Hata ninyi akina mama.

Akaacha kugeuza. "Hata mimi nikienda kudai choo cha hapa mwaloni?"

"Ndivyo inavyosomeka."

Sivyo inavyosomeka. Kifungu kipo, nimekisoma zaidi ya mara moja: mwananchi anayejisemea mwenyewe, au kikundi kinachosemea wanachama wake, hakihusiki.

Akaniuliza mimi naitaka au siitaki. Nikasema mimi sina upande, waya, nakujulisha tu.

Amenifungia dagaa wa kuondoka nao. Jikoni pote kunanuka dagaa. Sijawagusa.

Jumamosi, 10 Februari

Nimeenda naye Sabato. Wiki nyingi sikuwa nimekanyaga kanisani, akafurahi mno, akawa ananitambulisha kwa kila mtu: huyu ndiye yule wa kwangu, anafanya kazi mjini. Kazi gani, mama mmoja akauliza. Waya akajibu kwa fahari — anasaidia watu kuongea na serikali.

Sijui hayo alipata wapi. Labda kwangu.

Baada ya chakula tukakaa nje ya nyumba nikamfundisha. Sikutumia neno kufundisha, nilisema tunapangapanga mawazo. Nilimwambia aanze na "sisi wananchi wa kipato cha chini". Akakataa. Akasema hakuna mtu anayeongea hivyo mwaloni. Akayageuza maneno yangu moja moja, na kila alilogeuza likawa bora kuliko langu.

Niliporudi nikampigia Machibya kumwambia yuko tayari. Nikaongeza na ushauri ambao hakuniomba: mkutano wa wananchi kutoa maoni juu ya rasimu usiwe wiki hii. Wiki hii giza, mitumbwi inatoka kila siku na akina mama hawawezi kuacha dagaa. Uwe wiki ya mbalamwezi, taa hazivuti dagaa, mwalo unalala.

Akasema atazungumza na mtu.

Jumatatu, 12 Februari

Tarehe imesogezwa. Tarehe ishirini na moja, mbalamwezi. Simu moja tu! Kijana wa masijala ameweka tangazo jipya juu ya lile la zamani. Sababu iliyoandikwa: "kutoa nafasi kwa wananchi wengi zaidi kushiriki."

Alhamisi, 15 Februari

Siku mbaya.

Nilikuwa Nyamitwe kwa waya. Akatokea Mheshimiwa Venant. Peke yake, kwa miguu kutoka barabarani, shati limelowa jasho, rasimu mkononi imeviringishwa. Akaomba akina mama wamsikilize. Wengine waliendelea na kazi, wengine wakakaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mimi pia.

Si msemaji. Anaongea kama anasahihisha madaftari. Lakini alieleza vizuri. Alisema mwaka jana kamati yake ilipitisha jambo moja kubwa la ardhi, na baadaye akagundua wenzake wote walishakutana na mtu fulani hotelini, yeye tu hakualikwa. Mpaka leo hamjui huyo mtu ni nani. Alisema hataki mtu azuiwe kuongea na diwani. Anataka tu wenye mwalo wajue nani ameongea na diwani kuhusu mwalo wao.

Waya akanyoosha mkono. Akauliza nilivyomfundisha: sisi akina mama je, tukija kudai choo?

Venant akafungua rasimu, akasoma kile kifungu. Polepole. Akakirudia. "Ninyi hamumo, mama. Mnajisemea wenyewe."

Waya akageuka akanitazama mimi. Hakuonekana na hasira. Alikuwa anauliza tu — nani mkweli kati yenu? Mbele ya diwani na mbele ya wanawake wote wale, aliniachia mimi niseme.

Nikamwinamia sikioni. "Waya, wanasiasa husema hivyo kabla haijapita."

Akatikisa kichwa kukubali. Basi. Akaniamini mimi, akaiacha karatasi iliyoandikwa.

Venant alipokuwa anaondoka akanisalimia, akauliza, na wewe binti unatoka wapi? Nikamjibu: mimi ni mtoto wa mama Rozina.

Si uongo. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nilitafuta jibu ambalo si uongo, na nikalipata haraka hivyo.

Jumapili, 18 Februari

Sina la kuandika. Nimefua. Waya amepiga simu kuniuliza avae nini Jumatano.

Jumatano, 21 Februari

Ukumbi ulijaa. Mbalamwezi, kama nilivyosema. Akina mama wa Nyamitwe wamevaa vitenge vya sare. Machibya alikaa mstari wa mbele na wenzake wa mjini, mimi nikakaa nyuma kabisa, karibu na mlango.

Waya alipopewa kipaza sauti alikisogeza pembeni. Hakukihitaji.

"Mimi nikitaka kumwona diwani wangu namfuata kwake na ndala zangu. Napiga hodi, naingia, nasema shida. Sasa mnataka nifike mlangoni nijieleze kama mgeni?"

Kuna madiwani wawili walicheka alipotamka "seria". Hakuwajali. Venant akasimama akasema mama, sheria haikugusi wewe, inamgusa anayelipwa. Waya akamjibu papo hapo, na hili sikumfundisha mimi: "Anayelipwa ana gari na mwanasheria, baba. Atapita. Tutakaokwama mlangoni ni sisi."

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Mpaka mimi nilipiga. Ilikuwa kauli nzuri, na ilikuwa yake, na aliijenga juu ya uongo wangu.

Venant alisubiri watulie. Halafu akauliza kwa upole, bila kumtega: nani amekueleza kwamba itawagusa ninyi?

Waya hakunitazama safari hii. Alimtazama yeye. "Sikuelezwa na mtu. Nina kichwa changu."

Watu wakacheka. Venant akakaa chini, masikio yamemuiva. Nikacheka na wengine.

Waya ni Msabato wa kuzaliwa. Huyu ni mtu aliyeniamuru nirudi dukani Shirati kukiri kwamba mwenye duka alinipa sukari zaidi. Leo amesema uongo hadharani, na aliusema ili asinitaje. Alifikiri jina langu likitajwa nitapata matatizo kazini. Ameniambia mwenyewe tulipokuwa tunatoka, ameniminya mkono: nimekulinda, nyathina.

Mtoto wangu, maana yake. Nimekulinda, mtoto wangu.

Mle ukumbini hakuna aliyeniuliza mimi ni nani. Ndicho kitu pekee ambacho ile sheria ilitaka kuuliza.

Alhamisi, 29 Februari

Baraza limeikataa rasimu. Walioiunga mkono ni Venant na wachache wengine tu. Mwenyekiti amesema halmashauri imesikia sauti ya mwananchi wa kawaida.

Machibya alinipeleka kula Capri Point, hoteli inayotazama ziwa. Akasema hajawahi kuona kazi safi kama ile. Akasema yule mama ni hazina, tumtunze. Niliagiza sato mzima nikammaliza, na ugali, na mbogamboga. Nashangaa jinsi nilivyokuwa na njaa.

Jumanne, 5 Machi

Kamati ya madiwani imekutana na mteja wetu. Mimi ndiye niliyepanga chumba, chai, usafiri wa madiwani. Venant hakualikwa. Hakuna tangazo, maana hakuna sheria inayodai tangazo.

Eneo la gati ni Nyamitwe.

Ningependa kuandika kwamba nilishtuka. Ile ramani iko ukutani ofisini tangu Desemba. Eneo la mwekezaji limepakwa njano, halina jina, limeandikwa namba tu. Lakini lile pindo la ufukwe, lile jiwe kubwa linaloingia majini — nimeoga pale kila likizo tangu waya alipohamia huku. Nilikuwa napita mbele ya ramani nikienda kuchukua maji ya kunywa, nageuzia macho kwenye birika. Sikuuliza. Nadhani nilikuwa najua kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Akina mama wanapewa eneo mbadala Buhongwa, barabara ya Shinyanga. Eneo zuri, anasema Machibya, kuna umeme.

Buhongwa, ziwa liko wapi? Nimemuuliza. Akasema watasafirisha dagaa kwa gari. Akaniuliza kama nina tatizo. Nikasema hapana.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya Wanawake. Mjini maandamano, ngoma, fulana za rangi moja.

Akina mama wa Nyamitwe hawakuandamana. Walienda halmashauri kuuliza nani aliamua. Nimesimuliwa na Hellen, jirani yake waya pale mwaloni, kwa simu. Mwenyekiti wa halmashauri aliwapokea vizuri, akawapa viti. Akawaambia kwamba mwekezaji alikuja akaeleza shida yake kwa uhuru, kama mwananchi yeyote. Wao wenyewe ndio waliosema watu wasiulizwe mlangoni. Mama Rozina alisema, tena kwa sauti nzuri, na sisi tukamsikiliza.

Hellen anasema walitoka nje. Walipofika kituoni mmoja ndiye aliyeanza: Rozina, ulikuwa unamsemea nani siku ile? Mwingine akadakia. Walipofika mwaloni walikuwa wanapiga kelele wote. Kwamba aliuza mwalo. Kwamba ndiyo maana siku hizi yule binti wa mjini haondoki kwake.

"Akasemaje?" nikamuuliza Hellen.

"Alisema binti hahusiki. Akaingia ndani."

Halafu Hellen akaniuliza, si kwa ukali: unahusika?

Nikamwambia mtandao unakatika.

Jumapili, 10 Machi

Wamemvua uenyekiti. Jana alienda Sabato akakaa benchi peke yake. Hellen amenitumia meseji tu, hajapiga tena. Nimepika, sijala. Mara mbili nimeshika simu kumpigia waya, nimeishia kutazama jina lake kwenye kioo.

Nimejaribu kufikiri ningemwambia nini. Kila sentensi niliyoipanga ilikuwa nzuri. Hilo ndilo tatizo. Najua kupanga sentensi.

Jumatatu, 11 Machi

Nimerudi kutoka kazini nikamkuta amekaa kibarazani kwangu, mfuko miguuni. Ametoka Nyamitwe mpaka Pasiansi, hakunipigia. Shikamoo waya. Marahaba.

Nikachemsha chai. Akaisifu nyumba. Akauliza kama paa linavuja, mvua zimeanza. Akaniuliza kama nimewala wale dagaa. Nikasema ndiyo. Nikaona ananitazama. Nikasema hapana, waya, sikuwala.

"Basi wameharibika," akasema.

Akanywa chai yake yote. Kisha akasema keshokutwa kamati inakutana tena kuhusu mwalo. Mheshimiwa Venant amepigania wananchi waruhusiwe kusema. Waya mwenyewe alimfuata nyumbani kwake kumwomba msamaha kwa kumuaibisha ukumbini. Venant alimpa kiti na maji, hakumlaumu, akamsomea tena kile kifungu. Akamwachia asome mwenyewe.

"Nataka kusimama tena, Saron. Unifundishe tena maneno."

Nikaweka kikombe changu chini.

"Lakini safari hii," akasema, "nifundishe na yale uliyonificha."

Hakupandisha sauti. Angepandisha ingekuwa nafuu.

Nikamwambia. Siyo vizuri, siyo kwa mpangilio, nilianzia katikati. Machibya, mteja, ile ramani. Kwamba mimi ndiye niliyemtaja, hakuna aliyenilazimisha. Kwamba hata tarehe ya mkutano niliisogeza mimi kwa kuwa najua mwezi wa dagaa, na mwezi wa dagaa nilifundishwa na yeye. Nililia. Yeye hakulia. Alikuwa anasikiliza huku ameshika kikombe kitupu kwa mikono miwili, na mara mojamoja anauliza jambo dogo: huyo Machibya ana watoto? Hiyo ramani ina nyumba yangu?

Mwisho akasema, "Nilisema uongo mbele za watu kwa ajili yako. Mungu nitamalizana naye. Akina mama je?"

Nikamtandikia kitandani kwangu. Mimi niko hapa kwenye kochi. Nasikia anaomba kwa Kijaluo. Nimelisikia jina langu. Sijui ananiombea au ananishitaki.

Jumanne, 12 Machi

Machibya anataka niwe naye kesho kwenye kamati. Nikae karibu yake, nimnong'oneze nani ni nani kati ya wale akina mama. Hajui waya yuko kwangu. Anasema amesikia yule mama wetu amegeuka, je naweza kumtuliza? Nikasema nitajaribu.

Kwa nini nimesema nitajaribu?

Waya ameshinda anafagia uwanja wangu na kuongea na majirani. Sasa hivi wote wanamjua kwa jina. Mimi nimekaa hapa miaka, sijui jina la mwenye duka.

Hajaniambia nifanye nini kesho. Nimemuuliza wakati wa kula. Akasema, "Nyathina, hilo sikufundishi."

Jumatano, 13 Machi

Naandika kwenye ngazi za halmashauri. Kamati imeahirishwa kwa muda wa chai.

Tulitoka nyumbani pamoja, tukaachana getini. Yeye akaenda kukaa na akina mama — yaani, walikaa, na yeye akakaa kwenye benchi la nyuma yao. Mimi nikaenda kukaa na Machibya. Ndiyo, nilienda. Miguu ilijua njia. Akanisogezea chupa ya maji.

Mteja wetu hakuja. Amemtuma mwanasheria. Akaonyesha picha za gati kwenye projekta, maji ya bluu, watu wanacheka. Venant akauliza ni madiwani gani walishaonana na kampuni hii kabla ya leo. Mwenyekiti akasema swali halina msingi wa kisheria. Ni kweli, halina.

Wakamwita waya. Akina mama wengine wakaguna, mmoja akasonya kwa nguvu mpaka mwenyekiti akagonga meza. Waya akasimama. Hakuwa amevaa sare. Akasema anaishi Nyamitwe, anaanika dagaa, hana anachotaka kuongeza kuhusu gati kwa sababu wenzake watasema vizuri kuliko yeye. Amekuja kurekebisha neno moja.

"Siku ile mheshimiwa aliniuliza nani amenieleza. Nikasema nina kichwa changu. Kichwa ni changu, lakini maneno hayakuwa yangu yote. Nilidanganya."

Mwenyekiti akainama mbele. Akauliza kwa hiyo, mama, ulitumwa na nani?

Nikahisi Machibya amekaza mwili pembeni yangu.

"Aliyenituma yumo humu ndani," waya akasema. "Ni mtu mzima, amesoma. Simtaji. Nampa nafasi ajitaje mwenyewe, kama ile seria ilivyotaka."

Akakaa.

Sijui ilichukua muda gani. Mwenyekiti alizungusha macho mstari kwa mstari. Venant alikuwa ananitazama mimi — alishanikumbuka, mtoto wa mama Rozina. Niliona mikono yangu juu ya magoti. Niliona kucha zangu. Machibya akaninong'oneza, tulia. Nikatulia.

Hakuna aliyesimama. Mwenyekiti akasema tuchukue mapumziko ya chai, tukirudi tutafunga mjadala tupige kura.

Kutoka hapa namwona waya upande wa pili wa uwanja. Hellen amemletea chai. Hajakaa naye, lakini amemletea. Simu yangu inaita, ni Machibya, yuko kwenye gari, anataka tuongee kabla ya kurudi. Sijapokea. Siwezi kusema nimekataa. Sijapokea tu.

Waya ameinuka, anakung'uta kanga. Wanaingia. Karani amesimama mlangoni, anamuuliza kila anayepita kama bado kuna mwenye la kusema, aandikwe sasa. Waya amempita bila kugeuka nyuma. Foleni imebaki watu wachache. Sasa wawili. Nimesimama, naandika nimesimama, mwandiko unapinda, natembea kuelekea kwa karani.